Uzito wa Unyayo

Shujaa anaanza na mstari mmoja uliopinda. Fundi anaushusha kwa penseli kutoka juu ya karatasi hadi karibu na ukingo wa chini, mkono hauinuki, kisha anautazama. Kichwa, macho na ngumi vitasubiri. Mstari huu ndio utakaoamua kama mwili utakaokuja juu yake unakimbia, umetulia au unajiandaa kuruka, na yeye anataka mwili unaosukuma kitu kizito. Anaufuta. Anashusha mwingine uliolalia mbele zaidi, anaufuta na huo. Unaofuata anauacha.

Tupo Nachingwea mjini, kwenye steshenari yenye mashine moja ya kopi, kompyuta ya kuchapia barua na kitambaa cha bluu ukutani cha kupigia picha za pasipoti. Kijana huyu ndiye anayeiendesha kutwa nzima, na huchora wateja wanapopungua. Karatasi anayotumia ni kopi iliyoharibika, iliyogeuzwa upande wa nyuma. Penseli ni ya HB, ameichonga kwa wembe ili ncha iwe ndefu: ikisimama inatoa mstari mwembamba, ikilazwa ubavu inatoa kivuli. Pembeni kuna kifutio alichokikata pembe ikawa kali, rula ya sentimita 30, na simu ya Tecno yenye ufa kwenye kona ya kioo. Kazi nzima, mpaka picha itakapowafikia wenzake wa Masasi, Lindi na Dar es Salaam, itafanywa kwa vitu hivi na kwa mikono ya mtu mwingine mmoja aliyeko Ruangwa.

Huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, na kijana humwita hivyo hivyo, Mwalimu. Yeye humwita mdogo wangu. Wamegawana kazi: kijana anachora mistari, Mwalimu anatia rangi. Mhusika waliyembuni kwa ajili ya hadithi yao ya picha ni msichana, na wamempa jina la Kinywe, kutokana na madini yanayochimbwa wilayani Ruangwa. Kinywe ni kaboni iliyopangika tabaka juu ya tabaka, na matabaka hayo yameshikana kwa ulegevu kiasi kwamba yanateleza. Ndiyo sababu yakisuguliwa kwenye karatasi yanaacha alama, na ndiyo sababu yanachanganywa na udongo wa mfinyanzi kutengenezea kiini cheusi cha penseli. Kinywe hupitisha umeme, kwa hiyo hutumika kwenye betri. Huhimili joto kali, kwa hiyo hutumika kutengenezea vyungu vya kuyeyushia metali. Nguvu za shujaa wao zimetoka humo humo: umeme humpitia asidhurike, moto haumchomi, na yeye humponyoka mikononi anayetaka kumkamata. Hawakumpa uwezo ambao jiwe lenyewe halina asili yake, na sharti hilo wamejiwekea wenyewe.

Juu ya ule mstari uliopinda kijana anaweka sasa yai dogo, ndicho kichwa. Analipima kwa ncha ya penseli na kidole gumba, kisha analishusha kwa alama hafifu, moja chini ya nyingine. Mtu mzima wa kawaida ana kimo cha vichwa saba na nusu hivi. Wachoraji wengi wa mashujaa huwapa wahusika wao vichwa vinane au zaidi ili waonekane wakubwa kuliko watu wanaowazunguka. Kijana anampa Kinywe vinane na kuishia hapo. Akimwongezea cha tisa, anasema, miguu itarefuka, magoti yatapanda, na msichana ataonekana mwanamitindo badala ya mtu anayeweza kuinua kitu.

Kisha mifupa: mstari wa mabega, mstari wa nyonga, na mistari hiyo miwili hailingani. Bega la kulia likishuka, nyonga ya kulia inapanda. Haya hakuyasoma kitabuni tu. Msimu wa ufuta unapofika katikati ya mwaka, na korosho inapoanza kuingia maghalani kuelekea mwisho wa mwaka, makuli hushusha na kupakia magunia kuanzia asubuhi, na yeye huenda kuwatazama. Amejaza daftari zima kwa miili yao bila nyuso: gunia likikaa bega moja, nyonga ya upande wa pili inavyochomoza, kichwa kinavyoinamia mbali na mzigo, vidole vya miguu vinavyotanuka kutafuta ardhi. Misuli haijachorwa kabisa kwenye kurasa hizo. Kilichochorwa ni mahali uzito unapopitia, kutoka begani, kupita kiunoni, kwenda kwenye kisigino kimojawapo.

Kwenye picha ya leo Kinywe anasukuma lori. Ni Fuso lililojaa magunia, limekwama kwenye tope, gurudumu la nyuma limezama hadi karibu na ekseli. Kila mtu wa huku aliyesafiri masika ameliona lori hilo. Kijana analichora kwa masanduku matatu: kichwa cha gari, bodi, na kivuli chake chini. Msichana naye anakuwa masanduku na mitungi: kifua sanduku, nyonga sanduku, mapaja na mikono mitungi. Anayageuza masanduku hayo kidogo kidogo mpaka yote yanaelekea upande mmoja, kwenye bodi ya lori. Mikono anaiacha mwisho. Kiganja kinachosukuma hakikunji ngumi. Kimefunguka, vidole vimekazana, na kiwiko kimekunjwa kidogo, kwa sababu mkono ulionyooka kabisa hauna akiba ya nguvu. Anachora kiganja kimoja, anaweka chake mwenyewe juu ya meza ya kaunta, anasukuma, anatazama ngozi inavyojikunja kwenye kifundo, anarudi kwenye karatasi.

Ufundi huu wa kugawana mwili wa shujaa mmoja kati ya mikono kadhaa una historia ndefu. Superman alipotokea kwenye jarida la Action Comics mwezi Juni 1938, Jerry Siegel ndiye aliyeandika na Joe Shuster ndiye aliyechora. Baadaye viwanda vya majarida hayo huko Marekani vilizoea kugawa ukurasa mmoja kwa watu wengi: wa penseli, wa wino, wa rangi, wa herufi. Black Panther, aliyetokea Julai 1966, alibuniwa na Stan Lee pamoja na Jack Kirby, mchoraji ambaye wahusika wake huonekana wazito hata wakiwa angani. Kwetu, waliokua na jarida la Sani walijifunza somo jingine. Kipepe, Ndumilakuwili na Lodi Lofa walitambulika kwa umbo kabla hujasoma jina. Ungewafunika weusi tupu bado ungewajua. Philip Ndunguru, aliyewachora wengi wao, alijua kwamba mhusika hukaa kwenye mkunjo wa mgongo na namna ya kutembea. Kijana wa Nachingwea amezikuta kurasa za Sani kwa mjomba wake, na jaribio hilo la kivuli cheusi analifanya mpaka leo: anaujaza mwili wote kwa penseli, anasimama hatua tatu nyuma ya kaunta, anauliza kama bado anaonekana msichana anayesukuma lori. Kama haonekani, haendelei.

Na kuhusu uchache wa vifaa, kusini hii ina mfano wake. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, wilaya inayopakana na Nachingwea, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao ngumu za kiwandani. Alifariki mwaka 1972, na mtindo aliouacha ukabaki na jina lake. Rangi ya baiskeli inang'aa na hukauka ikiacha mistari safi, kwa hiyo michoro yake ikawa na mng'ao na mistari safi. Kifaa humfundisha fundi tabia yake, na fundi mvumilivu huigeuza tabia hiyo kuwa mtindo. Ndivyo inavyotokea sasa kwenye kioo cha simu.

Mchoro wa penseli ukikamilika, kijana anausogeza mlangoni penye mwanga wa kutosha usio na jua la moja kwa moja, anaupiga picha kutoka juu, simu ikiwa sambamba na karatasi ili mwili usirefuke upande mmoja. Anafungua programu ya ibisPaint, anaandaa ukurasa mpya, na hapo kuna uamuzi wa kwanza wa kidijitali. Ukurasa ukiwa mkubwa, mistari itakuwa safi hata picha ikichapishwa. Lakini simu yenye kumbukumbu ndogo itamruhusu leya chache. Leya ni kama karatasi angavu zilizopangwa juu ya nyingine: penseli chini kabisa, wino juu yake, rangi katikati, kila moja ikifutika bila kuigusa jirani. Anachagua ukubwa wa kati, kisha anaandika kwenye kipande cha karatasi leya atakazohitaji, kila moja na kazi yake. Mwalimu akizikuta zimejaa hatapata nafasi ya kivuli.

Picha ya penseli anaififisha mpaka inabaki rangi ya majivu. Juu yake anafungua leya ya wino. Sasa anatoa kalamu yake, na ni kitu cha kutazamwa. Ni kijiti cha pamba cha masikioni kilichofungwa karatasi ya foili kuanzia karibu na pamba hadi pale vidole vinaposhika. Pamba ameilowesha kwa tone la maji. Kioo cha simu huhisi chaji ya umeme ya mwili wa mtu. Foili huibeba chaji hiyo kutoka vidoleni, na pamba yenye unyevu huifikisha kwenye kioo. Ikikauka, mstari unakatika. Kwa hiyo kando ya simu kuna kizibo cha chupa chenye maji, na kila baada ya muda anachovya, anafuta kwenye kitambaa, anaendelea. Kidole kingeweza kufanya kazi hiyo, lakini kidole huficha mahali kinapochora. Kijiti kinamwachia aone.

Mstari wa mgongo wa Kinywe anauchora kwa pumzi moja. Amekuza picha mpaka mgongo peke yake umejaa kioo, ameweka kiwiko juu ya kaunta, na mkono wote unazunguka kutoka begani. Kwenye programu amewasha kitulizi cha mkono, kinachofanya wino ufuate nyuma kidogo ya kijiti ili mtetemo usionekane. Ameiweka nguvu yake katikati. Kikizidi, anaeleza, mistari yote inakuwa laini sawasawa na mwili unapoteza mifupa. Anashusha mstari kutoka shingoni hadi kiunoni. Anagonga kioo kwa vidole viwili, mstari unafutika. Anashusha tena. Anafuta tena. Kwangu yote ilionekana mizuri. Anaposhusha ule anaouacha, ndipo naona alichokuwa akikitafuta: mstari unaanza mwembamba shingoni, unanenepa pale mbavu zinapobanwa na msukumo, kisha unapungua unapofika kiunoni. Unene huo ndio uzito. Hakuna tone la rangi bado, na tayari mgongo unafanya kazi.

Mteja anaingia, anataka kopi mbili za cheti cha kuzaliwa. Kijana anaweka kijiti juu ya kizibo, anahifadhi kazi kwanza, ndipo anasimama. Umeme hukatika, chaji huisha, na programu inayofungwa ghafla inaweza kuondoka na saa nzima ya wino. Kuhifadhi kabla ya kusimama kumekuwa sehemu ya mwendo wa mwili wake; hafikirii tena. Anatoa kopi, anapokea hela, anaaga kwa adabu, anarudi, analowesha pamba, anaanza pale pale alipoachia, kwenye kifundo cha mkono.

Vazi lilizua mazungumzo marefu kati yao, mengi kwa sauti walizorekodiana usiku. Joho walikubaliana mapema kuliacha: lori lipo mbele yake, na joho lingefunika mgongo ambao ndio habari yenyewe. Kiunoni walimfunga kaniki iliyokazwa fundo ubavuni, mikunjo yake yote ikianzia kwenye fundo hilo na kuelekea kule nguo inakovutwa. Suala la uso ndilo lililochukua muda. Mwalimu alipendekeza chale. Kijana aliuliza chale za nani. Wazee wa Kimwera na wa Kimakonde ambao nyuso zao zina chale bado wapo, na alama hizo zilimtambulisha mtu na watu wake. Mwalimu alikwenda kwa bibi mmoja jirani yake, akamwamkia, akamweleza, akamwonyesha picha. Bibi alimchorea mchangani kwa kijiti chale alizo nazo mashavuni, akamwambia zilichanjwa akiwa na umri gani. Kisha akaomba zisiwekwe kwa msichana wa kwenye simu, kwa kuwa yeye hakuchanjwa. Mwalimu akamfikishia kijana ombi hilo neno kwa neno. Uso wa Kinywe ukapewa mistari mingine kabisa, iliyonakiliwa kutoka kwenye nyufa za jiwe la kinywe, na kwa maoni yangu ndiyo mistari bora zaidi kwenye picha nzima.

Wino ukikamilika, faili linasafiri. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hubanwa ili iwe nyepesi, na mistari myembamba hupata ukungu kandokando. Wao hutuma faili lenyewe la kazi, lenye leya zote, kama dokyumenti, kwa bando la usiku. Asubuhi Mwalimu anajibu: "Limefika, mdogo wangu. Leya ya sita umeisahau wazi." Kijana anacheka. "Sijaisahau, Mwalimu. Hiyo ni ya tope."

Ruangwa, Mwalimu anafanya kazi jioni, akishamaliza kusahihisha madaftari. Kitu cha kwanza anachoweka mezani ni kipande cha jiwe la kinywe, kikubwa kuliko yai la kuku, kutoka upande wa Matambalale. Analiweka dirishani na kulitazama kabla ya kufungua simu. Mtu akisikia kinywe hufikiria rangi nyeusi. Jiwe lenyewe ni la kijivu cha chuma, na vipande vyake vidogo bapa vinang'aa kila kimoja kwa pembe yake. Jua likiwa juu, mng'ao ni mweupe. Jua likishuka, unaingia wekundu wa udongo wa uwanjani. Ukilishika, vidole vinabaki na utelezi na weusi unaong'aa. Mwalimu huyo amelitazama jiwe hilo jioni nyingi, na ameandika kwenye daftari rangi tano zinazolijenga; nyeusi tupu ni moja tu kati ya hizo, na huiweka kwenye nyufa peke yake.

Anaanza na rangi bapa. Ngozi, kaniki, lori, tope, anga, kila moja kwenye leya yake, bila kivuli, bila mng'ao. Hatua hii haina sifa, na watu wengi huiharakisha. Yeye anakuza picha na kupita kando ya kila mstari wa wino akitafuta vitundu vyeupe ambavyo rangi haikufika, anavijaza kimoja kimoja. Ngozi anaichanganya mwenyewe. Kwenye orodha za rangi zilizopangwa tayari, ngozi nyeusi huwa kahawia moja iliyotiwa giza kidogo. Mwalimu anaweka kahawia yenye wekundu mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, yenye ubluu kidogo pale anga inapogusa bega, na yenye manjano hafifu kwenye kiganja. Ukiiona picha kwa mbali, hizo zote ni ngozi moja. Ukiikaribia, ni mtu aliyesimama mahali fulani, saa fulani ya siku.

Kisha anaamua jua liko wapi. Anachora mshale mdogo kwenye kona ya leya tupu, kutoka kushoto juu, na mshale huo unabaki hapo mpaka mwisho wa kazi. Kila kivuli kitaulizwa kama kinautii. Leya ya kivuli inawekwa juu ya rangi kwa namna inayoifanya rangi ya chini ipenye na kukolea, na ameibana kwenye umbo la msichana ili isimwagike nje. Hatumii nyeusi kwenye kivuli. Anatumia zambarau iliyopauka, kwa sababu mvua imetoka kunyesha na anga lenye mawingu linarudisha mwanga wake hata kwenye upande wa giza. Nyuma ya lori anaweka miti ya miombo. Kijana alikuwa ameandika majani mapya, na miombo huchipua majani mekundu ya rangi ya shaba kabla ya mvua kubwa. Mwalimu anayabadilisha kuwa ya kijani kilichokomaa. Tope la kiasi hicho ni la masika, anamwandikia, majani mekundu yalikwisha kupita miezi mingi nyuma. Kijana anajibu kwa neno moja: "Kweli."

Picha ikakamilika, ikatumwa kwa wenzao. Ni kundi dogo la watu wanaochora kwa mapenzi: mchora mabango mmoja Masasi, mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, fundi seremala Lindi, na wengine wachache. Sifa zilikuja kwanza, fupi fupi. Ukosoaji ulikuja baadaye, na ukosoaji ndio walioungoja. Mwanafunzi aliuliza kwa nini magunia ya juu hayajaegemea upande lori lilikoinamia. Seremala alisema fundo la kaniki limefungwa vizuri, asiliguse mtu. Mchora mabango alikaa kimya mpaka usiku, kisha akatuma sehemu ya picha aliyoikata, mguu wa nyuma peke yake, na maneno haya: "Kaka, huu mguu umekaa juu ya tope. Anayesukuma Fuso mguu wake uko ndani ya tope."

Kijana hakujibu usiku ule. Kesho yake, kabla ya kufungua steshenari, alichota ndoo ya maji, akaimwaga kwenye udongo nyuma ya banda, akavua kiatu. Akaweka mikono ukutani na kusukuma kwa nguvu zote, kisha akabaki hivyo hivyo, akainama kuupiga picha mguu wake mwenyewe. Nilisimama kando nikaona alichokuwa akikitazama. Kisigino kilikuwa kimeinuka. Uzito wote ulikuwa kwenye mto wa unyayo, chini ya kidole gumba, na tope lilikuwa limepanda katikati ya vidole na kujiviringa kwenye ukingo wa nje wa mguu. Nyuma ya kisigino palikuwa na mfereji mfupi, mahali mguu ulipoteleza kabla ya kushika.

Mfereji huo ndio aliouchora kwanza. Alirudi kwenye leya ya wino, akafuta mguu wa nyuma kuanzia kwenye kifundo, akauchora upya ukiwa umezama. Lakini mguu ukizama, goti linashuka. Goti likishuka, paja linabadilika pembe. Paja likibadilika, mkunjo wa kaniki nao unahama. Alifuata mabadiliko hayo kwenda juu hatua kwa hatua mpaka yalipoishia, karibu na kiuno, chini kidogo ya fundo lililosifiwa na seremala. Fundo hakuligusa. Kisha faili likaenda tena Ruangwa, na Mwalimu, aliyekwisha kutia kivuli mguu ule wote, akaufuta na kuanza na rangi bapa, akitafuta vitundu vyeupe kama mara ya kwanza. Hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu, picha ya mguu wenye tope, aone mwanga unavyokaa kwenye matope mabichi. Ndani ya ule mfereji aliweka mstari mwembamba wa anga.

Picha mpya nimeiweka kando ya ile ya kwanza. Mikono ni ile ile, uso ni ule ule, lori halijasogea hata pikseli moja. Na bado kwenye picha ya pili lori ni zito zaidi, na msichana ana nguvu zaidi, kwa sababu ya kisigino kilichoinuka na tope lililopanda katikati ya vidole. Nguvu za Kinywe ambazo hadithi inazitaja, za umeme na moto, hazionekani popote kwenye picha hii. Nguvu inayoonekana imetoka kwa mchora mabango aliyekaa na picha mpaka usiku, kwa kijana aliyevua kiatu, na kwa Mwalimu aliyerudia kazi iliyokwisha kukamilika.

Sasa kijana yuko kwenye karatasi ya kugeuza. Ni karatasi ambayo mhusika huchorwa amesimama wima mara tatu, mbele, ubavuni na nyuma, ili yeyote atakayemchora siku nyingine amchore yule yule. Amepiga mistari ya rula kukata karatasi kwa mlalo: utosi, kidevu, kwapa, kitovu, goti, unyayo. Kinywe wa mbele yuko tayari, wa ubavuni yuko tayari. Anapofika kwa wa nyuma anaweka rula kwenye fundo la kaniki na kuona limepanda juu ya mstari kwa upana wa ncha ya penseli. Anafuta na kulishusha. Akinieleza sababu, anaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, macho yakiwa kwenye rula: hadithi ina kurasa nyingi, na Kinywe atageuka mara nyingi ndani yake, msomaji akimpoteza akigeuka, lori lote lile litakuwa limesukumwa na mtu asiyemjua.

Anapuliza vumbi la kifutio, anaikagua mistari yote ya mlalo tena kuanzia utosini, na anapofika kwenye unyayo, Kinywe wote watatu wamesimama kwenye ardhi moja.